Huyu Amejuaje? Methali, Ushahidi na Mwandishi wa Safu

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuisoma riwaya kwa darubini na kulisoma gazeti kwa jicho moja. Riwaya tunaihoji kuhusu usimulizi, mtazamo, wahusika na itikadi. Gazeti tunalipitia haraka, tunalikunja, tunalitia kwapani, kisha tunatoa hukumu kwamba mwandishi fulani leo amesema kweli au amepotoka. Ni nadra kuuliza amefikaje kwenye hiyo kweli yake. Katika makala haya ninakusudia kuangalia namna waandishi wa safu za maoni wanavyojenga hoja zao na kuzitetea, na hasa kifaa kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kimepewa kazi isiyokuwa yake. Kifaa chenyewe ni methali.

Nianze na tukio lililonisukuma kuandika. Mnamo Oktoba 2025 nilikuwa nyumbani Silibwet, katika Kaunti ya Bomet. Malipo ya mwisho wa mwaka ya majani chai, ambayo huku kila mtu huyaita bonasi, yalikuwa yametangazwa, na wakulima wa Bomet na Kericho walikuwa wameandamana. Malipo yalikuwa yamepungua, na tena yalikuwa chini sana ya yale waliyopata wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, kama vile Murang'a, Nyeri na Kirinyaga. Jioni moja tulikuwa kwenye kituo cha kununulia majani. Majani yalikuwa yamekwisha kupimwa na kutiwa magunia, lakini lori la kiwanda lilikuwa halijafika. Mzee mmoja, jirani yetu, aliyeanza kuchuma chai kabla mimi sijazaliwa, alinipa gazeti akaniomba niwasomee wazee wenzake ukurasa wa maoni.

Gazeti lenyewe na mwandishi wake sitawataja, maana makosa nitakayoyaeleza si yao peke yao. Makala yalianza kwa ukweli usiopingika: kwamba chai ya viwanda vya mashariki hupata bei nzuri zaidi katika mnada wa Mombasa kuliko chai ya magharibi. Kutoka hapo mwandishi akaruka. Alisema kwamba wakulima wa magharibi wasimlaumu yeyote ila nafsi zao, kwa sababu wanachuma ovyo badala ya kuchuma majani mawili na chipukizi. Uthibitisho wake ulikuwa mstari mmoja tu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aya iliyofuata ilikuwa imekwisha kuhamia kwa viongozi wa kisiasa.

Wazee walinyamaza kidogo. Kisha yule mzee akaniuliza, "Mwalimu, huyu amejuaje?" Huniita mwalimu ingawa bado sijapata mahali pa kufundisha. Nikamjibu kwamba huenda mwandishi ameona takwimu za mnada. "Za mnada nimekubali," akasema. "Ninauliza amejuaje kuhusu vidole vyangu."

Sijapata kusikia uhakiki mfupi na mkali zaidi ya huo katika semina yoyote niliyohudhuria.

Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza, alichapisha mwaka 1958 kitabu kuhusu matumizi ya hoja ambacho hadi leo hufundishwa katika kozi za balagha na mawasiliano. Kwa muhtasari, anatuambia kwamba hoja ya kawaida ina sehemu tatu kuu. Kuna dai, yaani lile mwandishi analotaka tukubali. Kuna ushahidi anaoutolea. Halafu kuna kitu cha tatu ambacho aghalabu hakisemwi, yaani ile kanuni inayotupa ruhusa ya kuvuka kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai. Mimi nitakiita kiungo. Toulmin anaendelea kueleza kwamba kiungo nacho huhitaji kuegemezwa juu ya jambo jingine, la sivyo tunavuka daraja lisilo na nguzo.

Tuyapime makala yale kwa kipimo hicho. Ushahidi ni bei ya mnada. Dai ni kwamba mchumaji ni mzembe. Kiungo ni methali. Je, nguzo ya methali hiyo ni ipi? Hakuna. Kati ya kidole cha mchumaji na nyundo ya dalali wa Mombasa kuna safari ndefu yenye vituo vingi. Kuna lori linalochelewa huku majani yakilala ndani ya magunia, yakipata joto na kuharibika kabla hayajafika kiwandani. Kuna kiwanda chenyewe, mashine zake, gharama yake ya umeme na kuni, pamoja na mikopo inayokatwa kabla mkulima hajaona senti. Kuna sera: mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo, na lawama ikafuata kwamba chai ya maeneo yenye bei duni ilibaki ghalani bila mnunuzi. Kuna udongo na urefu wa nchi kutoka baharini, mambo ambayo mkulima hakuyachagua. Sisemi kwamba uchumaji mbaya haupo. Upo, nimeuona, na pengine katika shamba letu pia. Ninachosema ni kwamba mwandishi alikuwa na kazi ya kutueleza ni kiasi gani cha tofauti ile ya bei kinatokana na vidole na ni kiasi gani kinatokana na mengine yote. Kazi hiyo aliitwika methali.

Methali haiwezi kuibeba. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba ghala la methali zetu lina silaha za pande zote mbili za vita. Ukitaka kumhimiza mtu afanye hima utamwambia kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Ukitaka kumzuia utamwambia kwamba haraka haraka haina baraka. Damu ni nzito kuliko maji, lakini jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Huo si upungufu wa methali. Methali iliumbwa kwa ajili ya tukio maalumu, itolewe na mtu anayeijua hali na mbele ya watu wanaoijua hali. Haikuumbwa iwe sheria ya jumla. Mwandishi wa safu anapoing'oa na kuigeuza sheria, angeweza kuichukua nyingine akathibitisha kinyume chake asubuhi hiyo hiyo. Mwenzake aliyetaka kuwatetea wakulima angetuambia kwamba mnyonge hana haki, na makala yangekuwa yamekwisha.

Tena methali ina nguvu ambayo takwimu hazina: hunyamazisha. Msomaji akikutana nayo huitikia kwa kichwa kabla akili haijaamka, kwa kuwa ameisikia kwa bibi yake na kwa mwalimu wake. Kuipinga ni kama kuwapinga wahenga wenyewe. Hapa ndipo mwandishi mjanja anapojificha. Dai lake jipya, ambalo lingestahili kuhojiwa, linaingia mjini likiwa limevaa kanzu ya kale.

Katika baraza mambo huwa tofauti kidogo. Mzee wa Kipsigis akitoa methali katikati ya shauri la mpaka wa shamba, wapo wengine waliokaa pale pale wenye methali zao, na yupo atakayeuliza kama methali hiyo inafaa kesi hii. Methali ya baraza hujibiwa. Methali ya gazetini haijibiwi, au hujibiwa baada ya wiki kwa barua ya mistari sita, ikiwa mhariri ana nafasi.

Tabia hii tumeitoa wapi? Ninashuku kwamba tunaifundisha wenyewe. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya insha, nayo ina alama 40, yaani insha mbili za alama 20 kila moja. Mojawapo ya insha ambazo wanafunzi huzizoea mno ni ile ya kutunga kisa kitakachothibitisha methali. Tazama mwelekeo wa kazi hiyo. Methali hutangulia ikiwa tayari ni kweli. Kisa hubuniwa baadaye ili kiitumikie. Mtoto anayetunga kisa ambamo mtu aliye na haraka anafanikiwa, ilhali methali inalaani haraka, atapoteza alama kwa kupotoka. Kama zoezi la ubunifu sina ugomvi nalo, na nililipenda sana nikiwa shuleni. Lakini baadhi ya watoto hao hukua wakawa waandishi wa magazeti, na zoezi walilolizoea zaidi katika lugha yao ya kazi ni kuanza na hitimisho na kulitafutia kisa. Katika kusahihisha insha za hoja nako, mara nyingi tunahesabu idadi ya hoja badala ya uzito wake. Nimewahi kufanya kazi ya muda shuleni na nimehesabu hivyo mimi mwenyewe, kalamu nyekundu mkononi, hoja ya sita, hoja ya saba, bila kuuliza hata mara moja kama ya tatu inasimama.

Hata neno lenyewe limepungua uzito. "Hoja" limetokana na neno la Kiarabu "hujja", ambalo maana yake ni kithibitisho, kitu cha kumshinda mpinzani kwa dalili. Katika Kiswahili chetu cha kila siku limekuwa "pointi" tu, jambo lolote linaloweza kupewa namba. Hata hivyo kitenzi "kuhoji" bado kinatukumbusha asili, kwamba hoja na swali ni watoto wa mama mmoja. (Najua kwamba kujenga hoja kwa asili ya neno ni mtego. Marehemu Philip Ochieng, aliyefariki Aprili 2021, alikuwa bingwa wa mtindo huo katika safu zake za Kiingereza za gazeti la Nation. Msomaji alitoka amejifunza Kigiriki na Kilatini kidogo bila kuwa na hakika kama dai la siku hiyo lilithibitishwa. Asili ya neno hutuambia neno lilikotoka. Haituambii mambo yalivyo leo. Kwa hiyo hili langu lichukuliwe kama pambo.)

Nimemtaja Ochieng, na hapo ninaingia katika nguzo nyingine ambayo waandishi wa safu huegemea: nafsi zao wenyewe. Aristotle aliwahi kueleza kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu, kwa tabia yake mwenyewe, kwa kuziamsha hisia za wasikilizaji, na kwa mantiki ya yale anayoyasema. Safu ya gazeti ina picha ya mwandishi juu yake, na picha hiyo ni hoja. Tunamwamini kwa kuwa tumemzoea. Sidhani kwamba hili ni baya moja kwa moja. Jenerali Ulimwengu wa Tanzania, aliyeandika katika gazeti la Rai na baadaye katika Raia Mwema, alikuwa na mamlaka ya namna hiyo, na aliyalipia: mwaka 2001 serikali ilimtangaza kuwa si raia. Mtu anayeandika huku akijua kwamba neno lake linaweza kumgharimu uraia anastahili kusikilizwa kwa makini. Lakini ujasiri wake unathibitisha kwamba anaamini asemayo, basi. Hauthibitishi kwamba asemayo ni sahihi. Tunavichanganya vitu hivi viwili kila siku, na tunavichanganya zaidi mwandishi anapokuwa wa upande wetu.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili hakina desturi ya kubishana kwa nidhamu. Ninayo mifano miwili. Wa kwanza ni malumbano ya kishairi. Tangu siku za gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wamekuwa wakiulizana na kujibizana katika kurasa za magazeti. Kanuni ya mchezo ni kwamba mjibu hujibu lile aliloulizwa, na wakati mwingine kwa bahari na vina vile vile. Huwezi kukwepa, kwa sababu swali la mwenzako limekufunga hadi kwenye kina. Wasomaji nao huhesabu ubeti kwa ubeti kuona lipi halikujibiwa. Safu ya nathari haina kifungo hicho. Mwandishi anaweza kupingwa Jumatatu na akaandika Jumatatu inayofuata kana kwamba hakuna aliyefungua kinywa.

Mfano wa pili ni kijikaratasi cha Abdilatif Abdalla, Kenya: Twendapi?, kilichosambazwa Mombasa mwaka 1968, ambacho kwa ajili yake alifungwa tangu 1969 hadi 1972. Tunapokisoma kisa hicho katika kozi zetu huwa tunakimbilia mashairi aliyoyatunga gerezani, yaliyochapishwa kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na kukiacha kijikaratasi kama tanbihi. Lakini kijikaratasi ndicho makala ya maoni. Kichwa chake ni swali, na swali lenyewe si la balagha: linamtaka msomaji atazame njia na aseme inaelekea wapi. Naona ajabu kwamba sisi tulio na maandishi ya aina hiyo katika historia yetu tunaendelea kuiona makala ya maoni kama kitu kisichofaa kuandikiwa tasnifu. Katika idara nilimo, pendekezo la utafiti kuhusu riwaya ya mwandishi yeyote hupita bila kelele, la safu za magazeti huulizwa kwanza, "fasihi iko wapi hapo?"

Nirudi kituoni, kwa maana sijamaliza kuungama. Nilipokwisha kuwasomea wazee makala yale, niliwasomea mengine ya gazeti la siku nyingine. Haya yalikuwa ya kututetea. Yaliwaita wakulima wa magharibi mayatima wa sekta ya chai, yakataja jasho, umande wa alfajiri na mgongo uliopinda, yakahitimisha kwamba wapo watu wanaokula kwa niaba yetu. Hayakutaja hata moja: si jina, si tarehe, si hesabu. Wazee walipiga makofi. Yule mzee wangu alipiga makofi. Mimi pia nilipiga, na ni usiku tu, nikiwa kitandani, nilipogundua kwamba hakuna aliyeuliza amejuaje.

Nami nina deni la zamani zaidi. Mwezi Mei 2023 vijana walipochoma mashine za kuchumia chai katika mashamba makubwa ya Kericho, niliandika barua kwa mhariri wa gazeti moja, nikiwa na hasira ya haki. Mama yangu mdogo alikuwa amechuma kwa mikono katika mashamba hayo kwa miaka mingi kabla mashine hazijafika. Niliandika kwamba mashine moja huwafuta kazi watu kadhaa, nikataja idadi, nikafunga kwa kikulacho ki nguoni mwako. Barua ilichapishwa. Nilimpelekea mama mdogo gazeti nikidhani atafurahi. Aliisoma taratibu hadi mwisho, akaweka kidole kwenye ile idadi na kuuliza nimeitoa wapi. Nilikuwa nimeisikia kwenye matatu. Akanieleza, bila ukali wowote, kwamba mashine hazikuwa za aina moja, kwamba nyingine husukumwa na watu wawili na nyingine zinahitaji kikundi, na kwamba hesabu ya waliopoteza kazi ilitegemea mashine gani na shamba gani. Mtu aliyepoteza kazi yenyewe alikuwa mwangalifu zaidi kuhusu ukubwa wa hasara kuliko mimi niliyemtetea. Tena hesabu yake ya kweli ingeiongezea barua yangu nguvu, kwa sababu yeyote aliyetaka kuitupa barua ile alihitaji kuikosoa idadi moja tu.

Kwa hiyo sipendekezi kwamba methali zipigwe marufuku katika kurasa za maoni. Kiswahili bila methali ni ugali bila mboga. Pendekezo langu ni dogo, nalo lahusu mpangilio: methali ije baada ya kazi, wala isije mahali pa kazi. Mwandishi akishatuonyesha lori lililochelewa, stakabadhi ya mkulima, na bei ya kiwanda kimoja ikilinganishwa na ya kingine, basi na atupigie methali yake, nasi tutaitikia tukijua tunachokiitikia. Wahadhiri wetu nao wangeweza kutupa, mara moja kwa muhula, makala matatu ya gazeti la wiki hiyo badala ya shairi, watuambie tutafute dai, ushahidi na kiungo. Ningependa kuona ni viungo vingapi vitakavyokuwa methali.

Lori lilifika saa mbili usiku. Kabla hatujaachana, mzee aliniomba nimwandikie mwandishi yule wa kwanza. Alinitajia maswali naye akisimama, mimi nikiandika kwenye simu kwa mwanga wake: je, umefika katika kituo chochote cha majani huku kwetu, je, umelinganisha kiwanda na kiwanda, au mashariki yote na magharibi yote, je, unajua majani haya yamekaa hapa tangu saa ngapi? La mwisho lilikuwa lile lile, umejuaje kuhusu vidole vyangu. Niliituma barua siku iliyofuata. Baada ya siku tisa ilichapishwa, imefupishwa hadi mistari minane. Swali la vidole lilikuwa limeondolewa, na juu yake mhariri alikuwa ameipa kichwa kwa herufi nzito: Mgala Muue na Haki Umpe.